Jeshi Likiingia Mitaani

Amani ni neema ya Mwenyezi Mungu, na wanaoilinda wanastahili shukrani. Lakini mwanajeshi hufunzwa kupigana na adui, si kumhoji jirani. Ndiyo maana Kifungu cha 241 cha Katiba yetu kinataka idhini ya Bunge la Taifa jeshi linapotumwa kutuliza ghasia nchini.

Juni 2024, vijana walipoupinga Mswada wa Fedha, jeshi lilitangazwa tarehe 25. Idhini ikafuata kesho yake. Mahakama Kuu haikulizuia, bali iliiamuru serikali itangaze mipaka na muda wa kazi hiyo.

Enyi wazazi, tuyajue haya. Mwana akikamatwa, Kifungu cha 49 kinampa haki ya kuelezwa sababu na kuwasiliana na wakili. Mama asiyejua mwanawe yuko wapi, amani gani aliyoletewa?