Vijiko Viwili Kila Robo Saa

Somo la afya kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Kiongozi wa darasa, tafadhali sogeza redio mahali ambapo hata wazee walio nyuma watasikia. Kila mtu awe na daftari na kalamu, kwa maana somo letu la leo ni la afya, lakini ndani yake mna hesabu.

Tuseme hivi. Shangazi yako alikuwa mnene mno. Magoti yalimwuma, pumzi ilimpungukia njiani, kisha kisukari na shinikizo la damu vikamshika. Alikwenda Dar es Salaam, na huko madaktari wakampasua tumbo ili apungue uzito. Sasa amerudi nyumbani Kolo. Ndugu wamekusanyika kumpokea. Mmechinja kuku, mmesonga ugali wa mtama, na mlenda uko tayari. Shangazi anaketi mkekani, anatoa chupa ya maji na kijiko, anasema, "Ahsanteni sana, wanangu, lakini kwa sasa mimi nakunywa tu."

Watu wanatazamana. Mmoja ananong'ona, "Amekwenda mjini, sasa chakula chetu hakimfai." Wa pili anasema, "Mtu asiyekula atapona vipi?" Bibi, kwa huruma yake, anakata tonge moja, analichovya, anamsogezea na kusema, "Onja tu, mwanangu. Tonge moja haliui."

Wasikilizaji, tonge hilo moja ndilo somo letu. Limetolewa kwa mapenzi, lakini laweza kumrudisha shangazi hospitali. Hebu tuone sababu yake.

1. MADAKTARI WAMEFANYA NINI?

Upasuaji huu si wa mtu aliyenenepa kidogo. Ni wa mtu ambaye unene wake umekuwa ugonjwa, au umemletea magonjwa mengine, na njia nyingine hazikumfaa. Siku hizi hufanywa hata hapa Tanzania, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila.

Kuna namna kadhaa. Iliyo ya kawaida zaidi ni hii: daktari hupitisha vyombo vyembamba katika matundu madogo ya tumbo, hukata mfuko wa chakula kwa urefu wake, na kuutoa upande mmoja. Ukigawanya mfuko ule mafungu matano, manne hivi hutolewa, moja hubaki. Fungu lililobaki ni jembamba kama ndizi, nalo hufungwa kwa safu ya pini ndogo sana za chuma. Mfuko uliokuwa ukipokea sahani nzima ya ugali, sasa hujaa kwa kikombe kidogo.

Ninyi mnajua kibuyu kilichopasuka na kushonwa. Je, ukikijaza siku ile ile, kitashika maji? Hakitashika. Mshono hupenya. Mfuko wa chakula nao ni vivyo hivyo. Katika majuma ya kwanza mshono wake haujashikana barabara. Chakula kigumu au kingi huusukuma na kumtapisha mgonjwa. Na mshono ukivuja, uchafu huingia tumboni na mtu aweza kufa.

Wazee wa Kolo watakumbuka jambo moja. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la milima ya Irangi lililokuwa limemomonyoka, ili udongo upumzike. Kwa wafugaji lilikuwa jambo zito sana. Lakini ardhi ilipopumzika, majani na miti viliota tena, na baadaye watu wakaanza kufuga ng'ombe wachache wa maziwa bandani. Tumbo la shangazi nalo lina jeraha. Linataka pumziko, na pumziko lake ni kunywa bila kutafuna.

2. NGAZI YA CHAKULA

Mgonjwa hupanda ngazi polepole. Andikeni:

Kidato cha kwanza ni siku moja au mbili za mwanzo. Hunywa maji, chai nyepesi isiyo na sukari, na supu iliyochujwa ikawa maji matupu.

Kidato cha pili huendelea mpaka mwisho wa juma la pili hivi. Hunywa vinywaji vyenye nguvu, kama maziwa, mtindi mwepesi na uji mwepesi uliochujwa.

Kidato cha tatu ni juma la tatu na la nne. Hula chakula kilichopondwa kikawa laini kabisa, bila vipande.

Kidato cha nne ni juma la tano na la sita. Hula chakula laini ambacho hupondeka kwa uma. Baada ya hapo hurudia chakula cha kawaida, kidogo kidogo, akitafuna sana.

Hospitali nyingine huongeza siku, nyingine hupunguza. Kwa hiyo karatasi aliyopewa shangazi alipotoka hospitali ndiyo sheria. Na hapa ndipo kazi yenu, ninyi mnaojifunza kusoma. Mwombeni shangazi karatasi hiyo, isomeni kwa sauti mbele ya watu wote wa nyumbani, kisha ibandikeni ukutani karibu na jiko. Bibi akisikia maneno ya daktari yakisomwa na mjukuu wake mwenyewe, hatalisogeza tonge tena.

3. HESABU YA KIJIKO

Mgonjwa huyu hawezi kunywa bilauri moja kwa mkupuo. Lakini mwili wake unataka lita moja na nusu ya vinywaji kila siku, au zaidi, usikauke. Afanyeje?

Chukueni kijiko kikubwa cha chakula. Kijiko kimoja kina mililita 15. Vijiko viwili ni mililita 30. Shangazi anywe vijiko viwili kila robo saa, taratibu, kwa mafunda madogo. Katika saa moja mna robo nne. Zidisheni: 30 mara 4 ni mililita 120. Akianza saa 12 asubuhi na kuendelea mpaka saa 1 usiku, hizo ni saa 13. Zidisheni tena: 120 mara 13 ni mililita 1,560. Basi amepita lita moja na nusu, kwa kijiko tu.

(Hapa kiongozi atasimamisha somo kidogo ili darasa lifanye hesabu hii katika madaftari.)

Siku za mwanzo huenda asifikie kiasi hicho, na daktari atakuwa amemweleza. Lakini kila siku ajitahidi kupita jana. Mpeni mtoto wa shule kazi ya kutazama saa na kuweka alama katika daftari. Jioni mtahesabu alama pamoja.

Mfuko ukijaa, shangazi atasikia uzito chini ya kifua. Hapo aache mara moja. Asinywe kwa mrija, maana mrija huingiza hewa. Na atakapoanza kula, asinywe pamoja na chakula. Angoje nusu saa baada ya kula ndipo anywe.

4. ANYWE NINI?

Maji ya kisima au ya mto yachemsheni mpaka yatokote, yafunikeni yapoe. Mgonjwa huyu akipata kuhara, mwili wake hukauka upesi.

Kuku yule mliyemchinja hakupotea bure. Mchemsheni, engueni mafuta yanayoelea, chujeni supu kwa kitambaa safi. Msitie pilipili. Nyama leni ninyi, shangazi anywe supu.

Lakini supu peke yake haijengi mwili. Jeraha halifungiki bila chakula cha kujenga mwili, ambacho madaktari hukiita protini. Hospitali nyingi humtaka mgonjwa wa namna hii afikie gramu 60 za protini kwa siku, hata kama hafiki katika siku za kwanza. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina gramu 8 hivi. Vikombe vitatu ni gramu 24. Toeni 24 katika 60: zinabaki 36. Kwa hiyo maziwa ya kawaida hayatoshi. Yachemsheni, engueni utandu, kisha koroga ndani yake maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Kama hospitali imempa unga maalumu wa protini, autumie kama alivyoagizwa. Maziwa yakimletea gesi au kuhara, mtindi usiotiwa sukari huenda ukamkubali zaidi.

Uji wa ulezi ni mzuri, nao tunao. Upikeni mwepesi, chujeni, msitie sukari. Lakini kumbukeni: uji una wanga mwingi na protini kidogo. Uwe msaidizi wa maziwa, usichukue mahali pake.

Sasa andikeni vitu visivyofaa: soda na kila kinywaji chenye gesi, pombe, juisi tamu, chai ya sukari nyingi, na asali. Najua asali ya Kondoa ni sifa yetu. Lakini vitu vitamu vikishuka kwa haraka utumboni huweza kumletea jasho, kizunguzungu, moyo kwenda mbio na kuhara.

Dawa nazo zina utaratibu. Vitamini alizopewa asiziache hata akijisikia mzima, kwa sababu mfuko mdogo haupati kila kitu katika chakula. Dawa za kisukari na za shinikizo la damu zipimwe upya na daktari. Mtu anayekunywa tu akimeza dawa ya kisukari kwa kipimo cha zamani, sukari yake yaweza kushuka mno akazimia. Wala asinunue dukani dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni au diklofenaki bila kumwuliza daktari, kwa kuwa huweza kumtoboa vidonda katika mfuko wa chakula.

Na Ramadhani ikiingia katika siku hizi? Saa nyingi bila maji ni hatari kwake. Mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa siku zake baadaye. Amwulize daktari, na amwulize shehe wake. Asione haya.

5. DALILI ZA HATARI

Haya msiyangojee kesho. Mpelekeni hospitali ya Kondoa siku ile ile, hata usiku, na mchukue ile karatasi yake:

Homa.
Moyo kwenda mbio. Hesabuni mapigo: yakizidi 120 kwa dakika akiwa ametulia, ni hatari.
Maumivu makali ya tumbo, au ya bega.
Kupumua kwa shida.
Mguu mmoja kuvimba na kuuma.
Choo cheusi au chenye damu.
Mkojo kidogo sana na wenye rangi nzito.
Kutapika kusikokoma.

Juu ya kutapika nataka niseme zaidi. Watu hudhani ni jambo la kawaida kwa aliyepasuliwa tumbo. Sivyo. Anayetapika siku baada ya siku hupungukiwa na vitamini B1, na upungufu huo huweza kuharibu ubongo na mishipa ya fahamu. Akianza kuona vitu viwili viwili, kuyumba au kuchanganyikiwa, hata nusu siku ni nyingi.

Ili damu isigande miguuni, asilale mchana kutwa. Atembee kidogo uani kila saa moja.

6. MANENO YA WATU

Limebaki jambo moja, nalo halimo katika karatasi ya daktari. Shangazi atakonda, na atakonda upesi. Kisimani na sokoni watu watauliza, "Amepatwa na ugonjwa gani?" Wengine watajitungia majibu. Ninyi wa nyumbani jibuni kwa ufupi: "Amepasuliwa, anaendelea vizuri." Mengine ni yake mwenyewe, akitaka atayasema.

Tena mjue kwamba mara nyingi tumbo lake halioni njaa sana, bali macho na pua ndivyo vinavyoona njaa. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa humsumbua kuliko sisi tunavyodhani. Msile mbele yake mkimwonea huruma au mkimcheka. Lakini pia msimtenge. Mwekeeni kikombe chake kidogo na kijiko chake, aketi nanyi, azungumze nanyi. Sisi tumezoea kumwonyesha mtu mapenzi kwa kumjazia sahani. Kwa majuma haya machache, mwonyesheni kwa kumtazamia saa.

Na yule bibi mwenye tonge, mpeni kazi naye. Mpeni kitambaa cha kuchujia uji. Hapo mikono yake yenye huruma itakuwa inaponya.

MASWALI

Sasa zimeni redio, mjadiliane, kisha mwandike majibu.

1. Kwa nini tonge moja la ugali ni hatari kwa mgonjwa huyu?
2. Akinywa vijiko viwili kila robo saa kwa saa 10, atakuwa amekunywa mililita ngapi?
3. Vikombe vinne vya maziwa vina gramu ngapi za protini? Zinabaki ngapi kufikia 60?
4. Tajeni dalili nne za hatari.
5. Nani katika nyumba yenu angefaa kusoma karatasi ya daktari kwa sauti?

Someni sentensi hii pamoja, kisha kila mtu aiandike mara tatu: Mshono wa tumbo unataka muda, nasi tutaulinda kwa kijiko.

Kwaherini, wasikilizaji. Mungu awape afya njema.