KIWANJA CHA NDEGE JUU YA BAHARI: MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUJENGA

Mtu anayekusudia kujenga nyumba, hata iwe ya vyumba viwili, haanzi kwa kununua mabati. Kwanza huikanyaga ardhi, akawauliza majirani maji ya mvua hupita wapi. Serikali inayotaka kujenga kiwanja kipya cha ndege pwani nayo yapaswa kufanya vivyo hivyo. Kazi hiyo wataalamu huiita upembuzi yakinifu. Mfano wa kutufundisha ni kiwanja cha Kansai, nchini Japani.

Swali la kwanza ni hili: kwa nini kijengwe baharini? Mji wa Osaka ulikuwa na kiwanja cha Itami, kilichozungukwa na nyumba za watu. Ndege za jeti zilipozidi, usingizi wa wakazi ulitoweka. Mwaka 1969 walikwenda mahakamani, na mwaka 1981 Mahakama ya Juu ilikubali walipwe fidia kwa taabu waliyokwisha kuipata. Malalamiko ya namna hiyo ndiyo yaliyowaelekeza wapangaji baharini, kilomita 5 hivi kutoka ufukweni, ambako ndege zaweza kutua usiku kucha bila ya kumwamsha mtoto wa mtu.

Swali la pili lahusu ardhi. Mahali palipochaguliwa maji yalikuwa na kina cha mita 18 hivi, na chini yake mlikuwa na udongo laini wa mfinyanzi, uliojaa maji kama sifongo. Kazi ilianza mwaka 1987. Wahandisi walishindilia nguzo za mchanga zipatazo milioni moja katika udongo huo, ili uzito wa kifusi ukamue maji yapande na kutoka. Hivyo kikazaliwa kisiwa cha hekta 510 hivi, na kiwanja kikafunguliwa tarehe 4 Septemba, 1994.

Walijua kwamba kisiwa kitadidimia, lakini kilididimia kupita walivyokadiria. Tangu ujenzi kimeshuka kwa zaidi ya mita 11, kimo cha nyumba ya ghorofa tatu. Kwa bahati njema walijiandaa: nguzo za jengo la abiria huinuliwa kwa jeki, kisha vipande vya chuma hutiwa chini yake. Hata tetemeko kubwa la Kobe la tarehe 17 Januari, 1995, halikuliangusha jengo hilo.

Swali la tatu ni la njia. Tarehe 4 Septemba, 2018, miaka 24 kamili tangu ufunguzi, tufani iitwayo Jebi ilipiga. Bahari iliruka kuta, ikafunika njia ya kurukia ndege na kuingia vyumba vya chini vilivyowekwa mitambo ya umeme. Meli ya mafuta iliyochukuliwa na upepo iligonga daraja, nalo lilikuwa daraja pekee. Maelfu ya watu walilala gizani. Kesho yake waliondolewa kwa mashua na kwa mabasi yaliyopita upande wa daraja uliosalimika. Askari wetu na jamaa zao wanafahamu maana yake: mahali penye mlango mmoja, mlango huo ukiziba, mwokozi naye hubaki nje.

Tusidhani kwamba Kansai imeshindwa. Njia yake ya pili ya kurukia ilifunguliwa mwaka 2007, na baada ya tufani kuta za bahari ziliinuliwa. Lakini funzo ni bayana. Kuuliza, “Je, twaweza kujenga?” hakutoshi. Hapana budi kuuliza pia, “Je, twaweza kukitunza kila mwaka, na watu watatokaje siku ya hatari?” Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayejenga juu ya maji na ajue kwamba kazi ya kuziba ufa haitakwisha, aitengee fedha mapema, kabla ya jiwe la kwanza kuzamishwa.