Mzima kwa Nje, Mbovu kwa Ndani: Jinsi Boti ya Nyuzi za Kioo Inavyotiwa Kiini Kipya

Wasomaji wetu wakaao kando ya ziwa Tanganika, tangu Uvira mpaka Kalemie na Moba, wamekwisha kuzoea kuona boti zisizo za mbao wala za chuma. Ganda lake lang'aa kama sahani, halitiwi kalafati, halishiki kutu, na mchwa hawaliwezi. Wauzaji husema: «Boti hii haiozi.» Neno hilo ni kweli nusu tu, na nusu iliyobaki yaweza kumtia mtu majini pamoja na watoto wake.

Tuanze na ganda lenyewe. Kioo kikiyeyushwa huvutwa kuwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo hufumwa kama kitambaa, kisha kitambaa hulowekwa katika utomvu uitwao rezini, nao hukauka ukawa mgumu. Katika mwaka 1942, huko Ohio, Marekani, Ray Greene alitengeneza mashua ndogo kwa njia hiyo, na baada ya vita kazi hiyo ikaenea duniani. Lakini ganda jembamba hupindika upesi, na ganda nene lina uzito na bei kubwa. Basi mafundi walifanya werevu: waliweka maganda mawili membamba, na katikati yake wakatia kitu chepesi. Wanafunzi wataielewa faida yake kwa hesabu: ubao ukiongezwa unene mara 2, ugumu wake wa kutopindika huongezeka mara 8. Kitu hicho cha katikati ndicho tunachokiita kiini. Sakafuni mara nyingi huwa ni balsa, mti mwepesi sana utokao hasa Ekwado. Na katika tezi, yaani ukuta wa nyuma unaobeba mashini, huwa ni mbao za tripleksi. Kumbe, boti isiyo ya mbao ina mbao tumboni mwake!

Jambo hili tulilifahamu vema wakati wa kiangazi, kwa sababu ya boti kuukuu ya parokia moja. Boti hiyo humpeleka padri katika vijiji vya mbali, huchukua magunia ya chumvi na madaftari ya shule, na usiku hubeba akina mama walioshikwa na uchungu wa kuzaa, kwa maana huko mlima washuka mpaka majini na gari halipiti. Siku moja mwendeshaji akaona ya kuwa kila anapoongeza mwendo, mashini yacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Kwa nje ukuta wa tezi ulikuwa mweupe, mzuri, bila ufa.

Tukamwita fundi mzee. Hakuja na chombo chochote ila nyundo ndogo. Akagonga polepole, mahali baada ya mahali: ngo, ngo, ngo, kisha bu, bu. Akatutazama. «Mwalimu, umesikia?» Tulikuwa tumesikia. Akatoboa tundu dogo kwa upande wa ndani. Ungaunga uliotoka ulikuwa mweusi, wenye maji, wenye harufu ya majani yaliyolala shimoni.

Hapo palizuka mashindano. Fedha za parokia zilikuwa chache, na kijana mmoja wa kamati, mwenye nia njema kabisa, akasema: «Baba, tusiharibu ganda zuri. Tuweke bamba la chuma ndani na nje, tukaze kwa buloni, tupake rangi.» Mzee akamjibu bila hasira: «Mwanangu, buloni itashika nini? Wataka kupigilia msumari katika uji?» Wengine wakacheka, lakini si wote. Sisi wenyewe tulielekea upande wa yule kijana, twakiri, kwa sababu tulijua hesabu ya sanduku.

Maji yaliingiaje? Miaka mingi nyuma fundi mwingine alitoboa matundu manne ya kufungia ngazi, akakaza parafujo, asizibe ubao uliokatwa. Matundu manne tu! Maji yakapenya tone kwa tone, na ganda lisilopitisha maji likayazuia yasitoke. Tena wengi hawajui jambo hili: gogo lililozama kabisa hudumu miaka mingi, maana ukungu uozeshao mti hauishi bila hewa; lakini ubao wenye unyevu na hewa kidogo, katika joto, ndio makao yake. Na maji ya ziwa letu, sawa na maji ya mvua, hayana chumvi ya kuuzuia ukungu, kama yalivyo maji ya bahari. Kwa hiyo boti ya ziwani yahitaji kuangaliwa kuliko hata ya pwani.

Yaliyomshinda yule kijana si maneno, ni patasi. Mzee alikata ganda la ndani kwa msumeno, akiacha ukingo wa vidole vitatu pande zote ili pawe mahali pa kushikia ganda jipya, akalitoa kama kifuniko. Tripleksi ikatoka kwa mkono, vipande vipande, kama mkate uliolowa. Kijana alikamata donge moja, akalikamua, maji yakamtiririka kiganjani. Akalitazama kwa kitambo, halafu akaenda mwenyewe kutafuta patasi ya pili.

Sheria ya kwanza ya kazi hii ni kutoa yote yaliyooza, mpaka kufikia ubao mkavu wenye rangi yake ya asili. Anayeacha kipande chenye unyevu kwa kuonea huruma fedha amepanda mbegu ya ubovu mpya. Sheria ya pili ni kungoja. Tulijenga kibanda cha majani juu ya boti, upepo wa kiangazi ukapita ndani kwa majuma mawili, na watu wakanung'unika sana kwa kukosa usafiri.

Baada ya hayo mzee alichukua kipimo kwa karatasi ngumu, akakata mbao mbili za tripleksi ya boti, kila moja ya milimita 18, akaziunganisha kwa gundi. Akazipaka epoksi nyepesi pande zote, hasa katika kingo, kwa maana ubao hunywa maji kwa kingo zake kama mtu anywavyo kwa kinywa. Kisha akazibandika kwa epoksi iliyokolezwa unga, akazibana kwa vibano, lakini si kwa nguvu zote, gundi isije ikakamuliwa ikatoka. Pembe za ndani alizijaza zikawa za mviringo, kwa kuwa kitambaa cha kioo hakipendi kukunjwa kwa ghafula. Ganda la kale likasuguliwa kwa mteremko mrefu, mara 12 ya unene wake, ndipo tabaka mpya zikalazwa juu yake.

Wenye kutaka kujaribu wajihadhari. Vumbi la kioo huwasha ngozi na kudhuru mapafu. Vaeni kitambaa cha pua na mikono mirefu. Epoksi ikichanganywa nyingi katika kopo jembamba huwaka joto mpaka itoe moshi. Imwagwe katika sahani pana. Na ile dawa ya kugandisha rezini ya poliesta, tone moja jichoni laweza kupofusha. Watoto wasiikaribie kamwe.

Kwa buloni za mashini, mzee alitoboa matundu mapana kuliko yaliyotakiwa, akayajaza epoksi yenye unga, na ilipokauka akatoboa tena katikati yake kwa kipimo cha buloni. Hivyo chuma hakigusi mti, na maji yakipenya hayapati ubao wa kunywa.

Boti ilirudi majini siku ya Jumatatu. Mashini ilitulia. Usiku wa Alhamisi ilimchukua mama mmoja hospitalini, na mtoto alizaliwa salama.

Lakini kabla ya kuisukuma majini, yule kijana alipita na nyundo ndogo akigonga sakafu yote, na karibu na omo akasikia tena ile sauti: bu, bu. Fedha zilikuwa zimekwisha. Mzee akaliziba tundu aliloliona hapo, akapachora duara kwa chaki, na baraza la parokia limeandika katika daftari lake kwamba sakafu itafunguliwa kiangazi kijacho.