Sheria ya pombe isianguke juu ya mama wa meza peke yake

Hesabu nyumba za njia yenu. Ni ngapi zenye meza mbele ya mulango, na chupa ao sashe za pombe kali juu yake? Katika site za Likasi, Kipushi na Kolwezi, meza ile inalipa masomo ya watoto wakati mushahara wa baba umechelewa ao umekwisha kabisa. Kwa hiyo, wakati serikali inaleta sheria juu ya pombe, jambo si la walevi tu. Ni la mama mwenye kuuzisha vilevile.

Je, sheria ishike wapi? Wakubwa wengi wanashika mulango: wanafunga, wananyanganya chupa, wanalipisha amandi. Ni rahisi, sababu mama wa meza hana pa kukimbilia. Kumbuka mwezi wa tatu 2020. Juu ya ugonjwa wa Covid-19, bar zote za Congo zilifungwa, na zikafunguliwa tena mwezi wa saba. Sababu ilikuwa nzuri, lakini mutu mwenye kula leo ile feza ameuzisha jana alibaki mikono mitupu.

Kufukuza wenye kuuzisha si dawa mupya. Kwa jirani zetu wa Copperbelt, wakati wa utawala wa Waingereza, pombe ya kienyeji iliuzishwa katika bar kubwa za manispaa na za migodi. Wamama wenye kupika nyumbani bila ruhusa walikamatwa. Je, kupika kuliisha? Hapana, kulijificha. Watu walikasirika, na katika miaka ya 1950 waligomea zile bar. Hata sisi tunajua habari ya lutuku: imekatazwa tangu zamani, lakini ingali inapikwa.

Njia ya pili ni kushika kipimo. Mwezi wa ine 2012, Zambia ilikataza tujilijili, ni kusema vile visashe vya pombe kali vyenye mutoto wa masomo aliweza kuficha katika mufuko wa kaptula. Tanzania nayo ilikataza sashe tangu tarehe 1 mwezi wa tatu 2017. Kenya, kwa sheria yake ya 2010, ilikataa pombe kali katika chupa ya chini ya mililita 250. Na Uganda, mwaka 2019, chini ya mililita 200. Unaona maana yake? Chupa kubwa inaomba feza nyingi kwa mara moja, na feza ile mutoto hana. Mama anaweza kuendelea kuuzisha, lakini si kwa kila mutu mwenye sarafu moja. Tena ni lazima sheria itaje hesabu ya kipimo. Zambia ilipokataza sashe, vichupa vidogo vya plastiki vilikuja pahali pake.

Njia ya tatu ni kushika chanzo. Usini ni chache, meza ni maelfu. Kamyo yenye kuleta katoni mia inapita katika duane ya Kasumbalesa mbele ya macho ya wote. Kwa nini ingojewe mpaka katoni ifike kwa mujane? Tena mama wa meza hana chombo cha kupimia. Mutu akichanganya pombe na metanoli, pua haiitambui. Kidogo inapofusha macho, nyingi inaua. Mwaka 2010, kule Kabale katika Uganda, makumi ya watu walikufa kwa pombe ya namna hiyo. Kufunga meza kisha mazishi hakumurudishi mutu.

Lakini, mama, meza nayo ina kazi yake. Usimuuzishie mutoto, hata akisema: « Baba amenituma. » Usinunue pombe isiyo na jina la usini kwa sababu bei ni ya chini. Ukilipa takisi, omba karatasi yenye muhuri na uichunge: feza bila karatasi haiingii katika sanduku la serikali, na kesho watarudi kukulipisha tena. Na ninyi wenye kuuzisha katika njia moja, mukubaliane saa ya kufunga. Mwenye kufunga peke yake anapoteza wateja. Mukifunga wote, hakuna anayepoteza, na watoto wanalala.

Na ninyi wakubwa wa komine, tunaomba neno moja: kabla ya kupindua meza, mufuate katoni mpaka kule ilitoka.

Kwa mazungumuzo nyumbani: Katika njia yetu, mutoto anaweza kununua pombe kwa nani? Na kama meza ile ikifungwa kesho, jamaa yake itakula nini?