Ukungu Katika Ghala la Tumbaku: Nani Alipe?



Mwaka 2009 nilikuwa mpakiaji katika ghala moja la tumbaku hapa Uganda. Siku moja msimamizi alikuta marobota kumi na mawili yameota ukungu. Jioni ile ile sisi watu watano wa zamu tuliambiwa kwamba tumeiacha mali ilowe, na kwamba hasara itakatwa katika mishahara yetu. Hatukuwa na la kujibu. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua ukungu hutoka wapi.

Aliyetusaidia ni mzee mmoja mchambuaji wa majani. Alikata kamba ya robota moja mbele ya msimamizi, akalifungua. Nje jani lilikuwa kavu. Katikati, kando ya ule uti mnene wa jani, mlikuwa na manyoya ya rangi ya kijani na harufu ya chumba kilichofungwa miaka. Mzee akaeleza kwamba maji ya paa hulowesha kwanza juu na ubavuni, na maji ya sakafu hulowesha chini. Haya yalikuwa ya ndani, basi yaliingia ghalani pamoja na tumbaku yenyewe.

Watatu wetu tulirudishiwa fedha. Wawili waliokuwa vibarua hawakupata kitu, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Tangu hapo nimejifunza habari hii, na ninawaandikia ninyi mnaofanya kazi ya tumbaku. Jani likishakaushwa huwa kavu mno, likiguswa linavunjika. Kwa hiyo hulainishwa kidogo kwa mvuke au kwa hewa ya usiku ili liweze kushikwa na kufungwa. Hapo ndipo kosa huanza. Mwingine hunyunyiza maji mengi kwa haraka, mwingine kwa sababu mizani hulipa uzito. Mara nyingine uti haukukauka sawasawa tangu banini. Kipimo chake ni rahisi: kabla ya kulainishwa, pinda uti kwenye shina la jani. Ukikatika kwa mlio, umekauka. Ukipindika kama kamba, bado una maji, na ukungu utaanzia hapo hapo.

Ghalani, penyeza mkono katikati ya robota. Likiwa na joto kuliko hewa ya nje, lifunguliwe siku hiyo hiyo, lisingoje kesho. Marobota yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, na yaliyoingia kwanza yatoke kwanza. Angalieni pia bati: usiku hupoa, hutoka jasho, na matone huanguka juu ya mali hata kama mvua haikunyesha.

Kama ghala halina chombo cha kupimia unyevu wa hewa, weka chumvi safi ya mezani katika kisahani. Chumvi hiyo huanza kuyeyuka hewa inapozidi unyevu wa 75 kwa mia, na katika hewa ya namna hiyo ukungu hustawi. Ukiona kisahani kina maji, mwite msimamizi aone kwa macho yake.

Wanaotengeneza sigaa, yaani zile sigara nene zinazoviringishwa kwa majani matupu bila karatasi, wana taabu hiyo hiyo hata baada ya kazi kwisha. Sigaa haitakiwi ikauke kabisa, itapasuka. Kwa hiyo huwekwa katika masanduku, mara nyingi ya mbao za mwerezi, penye unyevu wa karibu 65 hadi 70 kwa mia. Ukipanda kidogo tu, ukungu huota. Wauzaji hupenda kusema kwamba vumbi jeupe juu ya sigaa ni mafuta ya tumbaku yaliyoganda, dalili ya uzee mwema. Mimi siwaamini upesi. Tazama kama ni madoa ya duara, yenye manyoya yaliyosimama, ya kijani au kijivu, yanayoacha alama kwenye jani. Huo ni ukungu. Ukiwa umeingia katika ncha ile inayowashwa, sigaa hiyo ni ya kutupwa.

Lakini hasara ya mali si kubwa kuliko ya mapafu. Ukitikisa jani lenye ukungu, vumbi lake huingia kifuani. Mwingine halimdhuru. Mwingine, saa nne hadi nane baadaye, hushikwa na homa, baridi, kikohozi na kubanwa pumzi. Kesho yake amepona, akirudi kwenye vumbi homa inarudi. Wangapi wamemeza dawa za malaria bure kwa homa ya namna hiyo? Ikiendelea miaka, mapafu huwa na makovu yasiyopona. Orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, iliyorekebishwa mwaka 2010, inautaja ugonjwa wa mapafu unaotokana na vumbi la namna hii. Mwambieni mganga kazi mnayofanya na saa homa inapoanza, na mwombe damu ipimwe malaria kwanza.

Kitambaa cha kujifunga puani hakitoshi. Inatakiwa barakoa ya kuzuia vumbi laini, na ni juu ya mwajiri kuitoa. Jani bovu lisipigwe brashi kavu ndani ya chumba kilichofungwa. Wala lisipelekwe nyumbani kusagwa ugoro.

Kuhusu makato, Mkataba wa 95 wa mwaka 1949 wa shirika hilo unasema mshahara hukatwa tu kwa masharti ya sheria, ya mapatano ya chama au ya uamuzi wa baraza la usuluhishi. Neno la msimamizi peke yake halimo. Kwa hiyo kila tawi liwe na daftari mlangoni mwa ghala. Marobota yakishushwa, andikeni tarehe, namba, hali ya uti, joto la ndani na jina la aliyepokea, naye msimamizi atie sahihi. Akikataa kutia sahihi, andikeni kwamba amekataa, na mleteeni katibu wa tawi siku hiyo hiyo. Majina ya vibarua yaandikwe pia.