Chanzo na Chujio: Mlio wa Theremini kwa Mtazamo wa Fonetiki

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna mlio wa theremini unavyoweza kuboreshwa kwa kurekebisha saketi yake na kwa kuchagua amplifaya na spika zinazoifaa. Hoja inayotetewa ni kwamba nadharia ambayo wanafonetiki huitumia kueleza sauti ya binadamu, yaani nadharia ya chanzo na chujio iliyofafanuliwa na Gunnar Fant mwaka 1960, ndiyo pia inayoeleza kwa nini theremini moja hulia kama fidla na nyingine hulia kama mluzi mtupu.

Suala hili lina uzito wa kivitendo. Mtu asiyeridhika na mlio wa ala ya umeme aghalabu hukimbilia amplifaya kubwa zaidi, na lugha yenyewe humsaidia kukosea. Katika matumizi ya kila siku, neno kipaza sauti hutajia kifaa kinachopokea sauti mdomoni mwa msemaji, na vilevile kile kinachoitoa kwa hadhira. Ni kweli kwamba lipo neno kikuza sauti kwa ajili ya mtambo ulio katikati, lakini msikitini, kanisani na kwenye mkutano wa hadhara vyote vitatu huitwa kipaza sauti bila mtu yeyote kulalamika. Hatua tatu zikibeba jina moja, kasoro ya hatua moja hutafutiwa dawa katika hatua nyingine. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia maneno ya mafundi, yaani maikrofoni, amplifaya na spika, ingawa wapo watakaoyaona kuwa ya kigeni mno.

Ichukuliwe kwamba fundi wa redio wa Matambarale, katika eneo la Ruangwa na Nachingwea mkoani Lindi, ameamua kujiundia theremini. Fundi huyo hana karibu naye duka la vipuri vya ala za muziki, na kila kipuri kinachoagizwa ni gharama ya bei na ya nauli. Kwake yeye, kukosea hatua ni hasara. Mfano huu utarejelewa kila itakapohitajika.

2.0 Chanzo

Theremini ilibuniwa Petrograd na mwanafizikia Lev Termen karibu na mwaka 1920, ikapewa hataza Marekani mwaka 1928, na kuanzia mwaka 1929 kampuni ya RCA ilitengeneza takriban ala 500. Huchezwa bila kuguswa. Ndani yake mna osileta mbili zinazotetema kwa kasi ambayo sikio haliwezi kuisikia. Moja haibadiliki, ya pili imeunganishwa na antena ya wima, na mkono wa mchezaji ukiikaribia antena hiyo hupunguza kasi ya osileta. Ikiwa ya kwanza inatetema mara 285,000 kwa sekunde na ya pili mara 284,560, kinachosikika ni tofauti yao, yaani 440 Hz. Mkono ukisogea karibu zaidi, tofauti huongezeka na kidatu hupanda. Mkono wa pili huongoza ukubwa wa sauti kwa antena ya kitanzi.

Hapa ulinganisho na fonetiki unaanza kuzaa matunda. Nyuzi za sauti zilizomo kooni hutoa mtetemo wenye kidatu fulani, lakini hutoa pia hamoniki, yaani mitetemo ambayo kasi yake ni mara mbili, mara tatu, mara nne ya ule wa msingi. Bila hamoniki hizo irabu hazingeweza kutofautishwa, kwani chemba za koo na kinywa zisingekuwa na kitu cha kuchuja. Hali kadhalika theremini. Ikiwa saketi inatoa wimbi laini lisilo na hamoniki, hakuna amplifaya safi wala spika safi itakayolipa wimbi hilo utajiri ambao halikuzaliwa nao. Swali la kwanza la fundi, basi, ni kama chanzo chake kina hamoniki.

Chanzo hurekebishwa katika sehemu mbili. Ya kwanza ni uhusiano wa osileta zenyewe. Osileta mbili zilizo karibu kwa kasi huvutana. Zikivutana kidogo, wimbi la tofauti huinama upande mmoja na kupata hamoniki nyingi, hasa katika vidatu vya chini, na hapo ndipo theremini hukaribia mlio wa fidla kubwa. Zikivutana kupita kiasi hushikamana na kutetema kwa kasi moja, na vidatu vya chini hupotea kabisa katika ukimya. Kapasita ndogo mno kati ya osileta hizo, au hata umbali wa koili moja na nyingine, hutosha kuamua. Fundi anayetaka utajiri wa besi hana budi kulipia kwa kupoteza noti chache za mwisho. Hakuna njia ya kupata vyote viwili kikamilifu kwa saketi ya aina hii, na ni heri kulikubali hilo mapema kuliko kulitafutia dawa dukani.

Sehemu ya pili ni pale mawimbi mawili yanapochanganywa na mabaki ya masafa ya redio kuondolewa. Kichanganyi kinachofanya kazi kwa unyofu hutoa wimbi laini. Daiodi, au valvu iliyosukumwa hadi ukingoni mwa uwezo wake, hulipinda na kuzalisha hamoniki. Baadaye huja rezista na kapasita za kuchuja, na hapa kosa dogo huua kazi yote. Rezista ya omu 10,000 ikiungana na kapasita ya mikrofaradi 0.01, kila kilicho juu ya 1,600 Hz hivi huanza kufifia, na theremini hulia kana kwamba imefunikwa blanketi. Kapasita ikibadilishwa kuwa ya mikrofaradi 0.0022, mpaka huo hupanda hadi kiasi cha 7,200 Hz. Kipuri kimoja, tena cha bei ndogo, hubadilisha mlio kuliko amplifaya mpya.

Ruangwa inajulikana kwa madini ya kinywe, na kinywe ni kaboni. Kaboni hutumika katika utepe wa kidhibiti sauti na katika rezista za zamani, na katika kidhibiti haina ubaya. Lakini rezista za mchanganyiko wa kaboni zikiwekwa katika hatua ya kwanza ya ukuzaji huleta mchachato ambao amplifaya hukuza pamoja na mlio. Katika hatua hiyo rezista za utando wa metali zinafaa zaidi.

3.0 Chujio

Chanzo kikiwa na hamoniki, spika ndiyo huamua zipi zisikike. Irabu /a/ ya mwanamume hutambuliwa kwa fomanti zilizo karibu na 700 Hz na 1,200 Hz. Irabu /i/ kwa fomanti zilizo karibu na 300 Hz na 2,200 Hz. Muhimu ni kwamba fomanti hazifuati kidatu. Msemaji akipandisha kiimbo, /a/ hubaki /a/. Spika iliyo katika sanduku nayo ina sehemu inazozikuza na sehemu inazozififisha, nazo hazihami noti inapohama. Sikio huzichukulia kama koo la ala. Pengine hii ndiyo sababu wasikilizaji wengi husema kwamba theremini nzuri "inaimba": inasikika kama kiumbe chenye kinywa kimoja.

Kutokana na hayo, spika iliyo sawasawa mno, inayosifiwa kwa kusikilizia santuri, si lazima iwe bora kwa theremini. Spika ya gitaa ya upana wa sentimita 30 hufifia juu ya 5,000 Hz hivi na kuvimba kidogo kabla ya hapo. Huficha makali na kuupa mlio sura. Amplifaya ya valvu, kwa upande wake, inaposukumwa huongeza hamoniki taratibu, na kwa hiyo ni chujio na pia ni chanzo cha pili. Nadharia ya Fant haikutarajia hilo, kwani huchukulia kwamba chanzo na chujio havitegemeani.

Mafundi wa ala za asili walikwisha kuzitenganisha hatua hizi. Ilimba ya Wagogo, ambayo Hukwe Zawose aliifanya ijulikane ulimwenguni, ina sanduku linalokuza mlio, na juu ya tundu la sanduku hubandikwa utando wa buibui ili mlio uvume. Sanduku ni chujio; utando huzalisha mitetemo mipya. Mtengenezaji asiyeridhika na uvumaji hubadilisha utando, hatafuti sanduku kubwa zaidi.

4.0 Ardhi

Limebaki jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya miji yenye umeme wa uhakika hulipita haraka. Mwili wa mchezaji ni sehemu ya saketi, na saketi hiyo hukamilika kupitia ardhini. Theremini inayotumia betri pekee, isiyoungwa na ardhi, huyumba kidatu na nafasi ya kuchezea hupungua. Huko Matambarale fundi atalazimika kupigilia fimbo ya shaba ardhini na kuiunga na upande hasi wa saketi. Kati ya Juni na Oktoba, udongo unapokauka, fimbo haina budi kuingia ndani zaidi na kumwagiwa maji kabla ya kucheza. Betri ya volti 12 ya sola iunganishwe moja kwa moja kupitia kirekebishi volti, kwani inveta za bei nafuu huingiza kelele katika osileta. Spika iwekwe nyuma ya mchezaji, karibu na sikio lake na mbali na antena ya wima, ili aisikie noti kabla ya hadhira na kuisahihisha.