Kunguni wa Eastleigh hawaondoki kwa aibu

Ukiwa na jamaa anayeishi Eastleigh, muulize kama analala vizuri. Akibabaika kukujibu, huenda ana kunguni. Huku tunazungumza waziwazi juu ya kodi, maji yaliyokatika na bei ya unga, lakini kunguni ni siri ya kila mlango. Mimi naishi Section Three, katika ghorofa lenye vyumba vingi, na nimeona kwamba siri hiyo inawalea kunguni kuliko uchafu.

Tulimalize hili la uchafu. Kunguni hafuati taka kama mende. Anafuata joto la mwili na pumzi ya mtu aliyelala, kwa sababu chakula chake ni damu tu. Nyumba inayopigwa deki kila siku huweza kuwa nao. Wanaingia ndani ya sanduku la mgeni, godoro lililonunuliwa kwa mtu au kitanda cha mitumba. Eastleigh ni mji wa mabasi, nyumba za wageni na mizigo inayopakuliwa usiku na mchana, kwa hivyo usafiri wanao. Na msomaji wa Pwani asijione yuko mbali: basi linaloondoka Nairobi usiku huingia Mombasa asubuhi, na kunguni halipi nauli.

Habari njema ni kwamba hajulikani kuambukiza maradhi. Madhara yake ni kuwashwa, vidonda vya kujikuna, na kukosa usingizi. Lakini mtoto asiyelala hasomi, na mama asiyelala hana subira.

Kwa kuchoka, watu hununua chupa zisizo na lebo kwa wachuuzi na kuzimwaga chumba kizima. Hapa ndipo penye hatari. Kunguni wengi siku hizi wamezoea dawa za kawaida za kunyunyiza, kama walivyozoea DDT zamani. Dawa kali za shambani nazo zinaweza kumuua mtoto aliyelala chumbani kabla ya kummaliza kunguni. Wengine hupaka mafuta ya taa kwenye kitanda, katika chumba hichohicho chenye jiko. Huko ni kuita moto.

Silaha ya kuaminika ni joto. Joto la zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi huua kunguni pamoja na mayai yake. Shuka, foronya, mapazia na nguo zinazostahimili, zitie kwenye maji ya moto sana. Zisizostahimili maji, zipige pasi vizuri hasa kwenye mishono. Kitanda kifungue chote, ukitoe nje, umwagie maji yanayochemka kwenye viungo na chaga, kwani ndiko wanakojibana. Watoto wasikaribie. Jua nalo husaidia vitu vidogo vikifungwa ndani ya mfuko mweusi, lakini godoro haliponi kwa kuanikwa tu: kunguni huhamia upande wa kivuli, na Nairobi mwezi wa Julai jua lenyewe ni la kubahatisha.

Pili, mkatie njia. Sogeza kitanda mbali na ukuta, shuka na chandarua visiguse sakafu, kisha kila mguu uuweke ndani ya kopo la plastiki lenye kuta laini na maji ya sabuni. Anayeshuka hunasa humo. Kila asubuhi utajua kama vita vinakwisha.

Tatu, ziba nyufa za ukuta kwa simiti au plasta. Ndani ya nyufa unaweza kupuliza unga mwembamba wa diatomaiti, ule mwamba mweupe unaochimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil. Unga huo huharibu ngozi ya nta ya mdudu, akakauka polepole. Tafuta ulio salama kwa matumizi ya nyumbani, tumia kidogo sana, funika pua na mdomo, na usiumwage juu ya godoro. Mwenye pumu asiuguse.

Na mwarobaini wetu? Harufu ya majani yake huweza kuwasumbua, lakini haiwafikii wote waliojificha ndani ya mbao. Ukimfukuza bila kumuua, ataenda kwa jirani, na siku moja atarudi. Kuna jani jingine lenye historia. Katika nchi za Balkani, watu walikuwa wakitandaza majani ya maharagwe kando ya kitanda usiku, na asubuhi wakiyachoma pamoja na kunguni walionaswa. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba vinywele vya jani hilo vina ncha kama ndoana zinazotoboa miguu ya kunguni. Ila jani likikauka halinasi tena, na lililopimwa ni la maharagwe, si la kunde.

Kazi hii haiishi siku moja. Kwenye joto mayai huanguliwa baada ya wiki moja hivi, na kunguni mkubwa huweza kukaa miezi bila kula. Rudia kila wiki, kwa wiki sita au zaidi, hata kama hujamwona hata mmoja.

Hayo yote hayatoshi ukiyafanya peke yako. Kunguni hupita kwenye nyufa, mabomba na matundu ya nyaya hadi chumba cha pili. Kwenye ghorofa letu nafuu ilikuja pale wapangaji wa sakafu moja walipokubaliana Jumamosi moja, kila mtu akachemsha maji na kutoa kitanda chake, bila kuulizana nani aliwaleta. Wenye nyumba nao wana wajibu: ukuta wenye nyufa si wa mpangaji kuuziba peke yake.

Basi ukiwaona kwako, bisha hodi kwa jirani leo na umwambie. Huenda naye ana wiki kadhaa hajalala, anangoja mtu wa kuanza.